Goti la mtumishi wa altare na mahali pake
Katika Jimbo Katoliki la Kayanga, lililoundwa mwaka 2008 na linalohudumia Karagwe na Kyerwa, mtoto anayeanza kutumikia altareni hufundishwa kupiga goti. Lililo gumu zaidi ni kumfundisha wakati wa kutopiga, na hapo ndipo heshima yake hujulikana. Kifungu cha 274 cha Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi kinasema kwamba, tabernakulo yenye Ekaristi ikiwa patakatifu, padre na watumishi hupiga goti wanapofika altareni na wanapoondoka, si Misa inapoendelea. Aliyebeba msalaba wa maandamano au mshumaa huinamisha kichwa tu, na si vigumu kuona hekima ya agizo hilo, maana msalaba unaoyumba huvuta macho ya kanisa zima. Kwa hiyo mtoto anayepiga goti kila apitapo mbele ya tabernakulo, tena ameshika divai na maji, hajaongeza heshima, ameongeza pilikapilika. Na kigangoni ambako Ekaristi haihifadhiwi, anayestahili heshima ni altare, nayo huinamiwa. Aliyezoea kanisa la parokia huweza kujikuta akiupigia goti ukuta mtupu.

Wapo watakaosema Mungu hutazama moyo. Ni kweli, lakini waumini hawauoni moyo wa mtumishi. Wanauona mwili wake. Akipiga soga wakati wa sala ya Ekaristi, kengele ya kuwaandaa kwa mageuzo itachelewa, na watakaopotezwa ni wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1963 kwamba watumishi wanatekeleza huduma halisi ya liturujia, hivyo wafundwe kuitenda kwa ibada na utaratibu.

Wengine huuona utaratibu huo kama ukakamavu wa Kizungu. Hoja hii haina nguvu Karagwe, ambako mila ya Wanyambo inamjua binti apigaye magoti kumwamkia mzee, na hakuna anayemwuliza kama kajifunza Ulaya. Tofauti ni kwamba nyumbani goti ni la binti zaidi, ilhali altareni kaka yake naye hulipiga, bega kwa bega na dada yake, tangu Vatikano ilipothibitisha mwaka 1994 kuwa askofu anaweza kuwaruhusu wasichana kutumikia.

Hoja yenye uzito ni ya umri: mtoto wa miaka tisa atasahau, atapiga miayo, atajikuna. Naikubali, na ndiyo maana ukali haufai. Mlezi anayemkaripia mtoto mbele ya waumini huharibu utulivu kuliko goti lililokosewa. Walezi wa watumishi, rudieni mazoezi Jumamosi, kosa la Jumapili lisahihishwe sakristia baada ya Misa, na kila mtoto aelezwe sababu ya ishara anayofundishwa.