Gemu za densi: Kabla hujakubali umeshindwa, jua mashine inaangalia nini

Umewahi kutokwa na jasho ukisakata densi mbele ya runinga, kisha ukashindwa na rafiki aliyejikalia kwenye kochi akipunga mkono tu? Usidhani amekuroga. Amegundua kwamba mashine haihesabu densi yako yote. Inahesabu kile inachoweza kuhisi.

Chukua Just Dance, gemu ya kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, iliyotoka mwaka 2009 kwa mashine ya Wii. Mchezaji hushika rimoti kwa mkono wa kulia. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachopima mwendo wa rimoti pande zote: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Gemu hulinganisha mwendo huo na ule inaoutarajia wimbo ukifika hapo. Mkono ukienda sawa na kwa wakati, unapewa alama.

Miguu je? Kiuno? Mabega? Hakuna anayeviona! Unaweza kuruka mpaka jirani wa chini agonge dari, lakini mkono wa kulia ukichelewa, alama zimeenda. Mwenzako wa kochi naye anazidi kuokota nyota.

Dance Dance Revolution, iliyotolewa na Konami ya Japani mwaka 1998, ilikuwa kinyume kabisa. Hapo unakanyaga mishale minne sakafuni, kwa hivyo kazi yote ni ya miguu. Mikono ukitaka itie mfukoni.

Mwaka 2010 Microsoft ikaleta Kinect ya Xbox 360, na kampuni ya Harmonix ikaitengenezea Dance Central. Hapa hushiki kitu. Kifaa hurusha vitone vya miale isiyoonekana kwa macho, kisha kamera yake husoma vilivyotua mwilini mwako ili kujua kila sehemu iko umbali gani. Kutokana na hapo, mashine huchora kiunzi chako chenye viungo 20, mara 30 kwa sekunde. Mjanja wa kochi akanaswa.

Ila Kinect inataka nafasi. Mchezaji mmoja asimame kama futi 6 kutoka kwa kifaa, na wakiwa wawili, futi 8. Sasa wewe wa chumba cha kumi kwa kumi, kitanda humo humo, jiko humo humo, utasimama wapi? Mlangoni? Tena Microsoft iliacha kuitengeneza mwaka 2017. Ukiuziwa leo, pima chumba kwanza ndipo utoe pesa.

Matoleo ya baadaye ya Just Dance yanakuruhusu kutumia simu badala ya rimoti. Ni poa kwa mfuko, maana simu tayari unayo. Lakini tumerudi pale pale kwa mkono wa kulia. Na ukiishika kwa kiganja chenye jasho, ikichomoka utalipia kioo.

Haya si mambo ya alama tu. Fikiria densi zetu. Chakacha ya Pwani ni kiuno. Isukuti ya Magharibi, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, ina mabega yanayotikisika kufuata ngoma. Mchezaji hodari wa chakacha akipewa rimoti, huenda gemu ikamwona kama mtu aliyesimama tu. Na kijana anayejifunza densi kwa kufukuza nyota pekee atazoea kuupa mkono kazi, kwa sababu ndio unaolipwa.

Kwa hivyo ukishindwa, usiseme hujui kudensi. Uliza kwanza ni kiungo gani kilichokuwa kikipimwa. Na wewe unayesomea kuunda programu, hilo ni swali lako la kazi: kihisi kile kile cha mkononi, kikifungwa kiunoni, nani ataongoza?