Karatasi ya Mogadishu na Daraja la Kyaka

Tarehe 3 Novemba 1978 wanajeshi wa Uganda walilipua daraja la Kyaka, ili vifaru vya Tanzania visivuke mto Kagera. Siku mbili kabla, Idi Amin alikuwa ametangaza kwamba ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto huo, kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni mali ya Uganda.

Kuna swali ambalo halijaisha tangu siku hizo: Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, hakuweza kuzungumza naye? Wanaouliza husahau kwamba mazungumzo yalikwisha kufanyika, tena yakazaa mkataba.

Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, waliingia Uganda kutokea Tanzania, wakapigwa. Amin akalipiza kwa kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi uliofuata Siad Barre wa Somalia akazipatanisha serikali hizo mbili mjini Mogadishu: kila upande urudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani, na usiwasaidie maadui wa mwenzake. Karatasi hiyo iliishi miaka sita, ingawa pande zilizotia saini hazikuaminiana hata chembe. Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin, kiasi kwamba marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena hadi Jumuiya yenyewe ilipokufa mwaka 1977.

Basi ilidumuje? Kwa hesabu tu. Tanzania ilikuwa imeelekeza nguvu zake kwenye ukombozi wa nchi za kusini, na Amin alikuwa na wapinzani wa kutosha nyumbani. Kila mmoja aliona amani ina nafuu kuliko vita. Wanadiplomasia hupenda kuisifu lugha ya mikataba yao, lakini lugha ya Mogadishu haikubadilika hata nukta kati ya 1972 na 1978. Kilichobadilika ni hesabu ya Kampala.

Aprili 1978 Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, aliumia vibaya katika ajali ya gari, na wafuasi wake jeshini wakaamini haikuwa ajali. Vikosi vikaanza kugawanyika, vingine vikaasi. Oktoba Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda, nchi iliyoishi kwa kahawa na iliyokuwa ikiiuzia Marekani takriban theluthi ya kahawa yake. Katika hali hiyo vita vya nje vilikuwa dawa ya mkuu wa jeshi lililokuwa likimponyoka mkononi. Mpatanishi anayekuja na ramani ya mpaka kwa mtu wa namna hii amekuja na dawa ya ugonjwa mwingine.

Ndivyo walivyokuja wajumbe wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Waliomba mapigano yasimame. Nyerere aliwataka kwanza walaani uvamizi, nao hawakuwa tayari. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi anayewakuta mwizi na mwenye nyumba wakigombea redio, akawaambia wote wawili wapunguze sauti. Kwa umoja huo Amin hakuwa mgeni: mwaka 1975 ulifanya mkutano wake Kampala na kumpa uenyekiti, ingawa Tanzania, Zambia, Botswana na Msumbiji zilisusa. Tena azimio la Cairo la mwaka 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni, lilikuwa limewasilishwa na Nyerere mwenyewe.

Kwa hiyo kumfukuza Amin kutoka Kagera hakuhitaji utetezi. Mwalimu alisema sababu, uwezo na nia vyote vipo, na jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likavimba kwa mgambo hadi kuzidi 100,000. Ugumu unaanzia Mutukula, mpakani. Kufika hapo, Januari 1979, ni kujilinda. Kutoka hapo kwenda Masaka, kisha Lukaya ambako Walibya walikuja kumwokoa rafiki yao, kisha Kampala tarehe 11 Aprili, ni kuiondoa serikali ya nchi nyingine. Mimi nauelewa uamuzi huo: ukimwacha amejeruhiwa mlangoni, atarudi. Ila maandalizi yake yalikuwa hafifu. Makundi zaidi ya 20 ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliitwa Moshi tarehe 24 Machi, na kufikia tarehe 26 yalikuwa na umoja mpya, uongozi na rais mtarajiwa, Yusuf Lule. Siku tatu! Mizinga ilipewa miezi, siasa ikapewa siku tatu.

Lule alidumu siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata hakumaliza mwaka. Obote alirudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980, ambao wapinzani walisema umeibwa, Yoweri Museveni akaingia msituni, na watu wa Luwero, kulikopiganwa vita hivyo, wakalipa kwa damu. Tanzania nayo ilibaki na gharama inayokadiriwa kufika dola milioni 500. Ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoiomba Mwalimu ilipita, mkanda ukabaki pale pale, na foleni za sukari na sabuni zikarefuka.

Amin mwenyewe aliishia Saudi Arabia, akapewa nyumba na posho kwa sharti kwamba asijihusishe na siasa. Januari 1989 alijaribu kurudi kwa pasipoti ya bandia na kufika Kinshasa, lakini serikali ya Zaire ikamrudisha alikotoka. Alifia Jeddah mwezi Agosti 2003, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote.