Tendo la Ndoa Wakati wa Ujauzito katika Fikihi ya Kiislamu: Uhalali na Mpaka wa Madhara

Katika fikihi ya Kiislamu, ujauzito peke yake hauharamishi tendo la ndoa. Qur'ani (2:222) inakataza kumkaribia mke aliye katika hedhi. Dalili nyingine zinaongeza nifasi, mchana wa Ramadhani kwa aliyefunga, na ihramu. Mimba haimo katika orodha hiyo. Hadithi inayokataza kumwingilia mjamzito hadi ajifungue inahusu mateka wa kike aliyeshika mimba ya mwanamume mwingine. Lengo lake ni kuhifadhi nasaba. Haimhusu mke aliyebeba mimba ya mumewe.

Uhalali huo, hata hivyo, una mpaka. Katika Sahihi Muslim, Judama bint Wahb anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikusudia kukataza ghila, yaani kumwingilia mke anayenyonyesha, kisha akazingatia kuwa Warumi na Waajemi walifanya hivyo bila watoto wao kudhurika. Kipimo kilikuwa madhara kwa mtoto, na jibu lilitokana na hali iliyoshuhudiwa kwa watu. Kwa mantiki hiyo, ushauri wa daktari ni sehemu ya kuifikia hukumu yenyewe. Kondo la nyuma likiziba mlango wa kizazi, chupa ya uzazi ikipasuka mapema, au dalili za uchungu zikijitokeza kabla ya wakati, kanuni ya kuzuia madhara hulazimu kujizuia.

Damu inayotoka wakati wa mimba huleta hitilafu. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, damu hiyo huweza kuwa hedhi ikitimiza masharti yake. Kwa Hanafi na Hanbali, mjamzito hapati hedhi, hivyo damu hiyo huhesabiwa kuwa ya ugonjwa. Pamoja na hitilafu hiyo, kanuni ya madhara huzikutanisha kauli zote katika utendaji: wanandoa hujizuia hadi chanzo cha damu kijulikane.

Inafuata kwamba mke anayejizuia kwa sababu ya maumivu au agizo la daktari ana udhuru wa kisheria, wala hahesabiwi kuwa mwasi. Mume naye, kwa amri ya kuishi na mke kwa wema (4:19), anawajibika kuuheshimu udhuru huo.