Ukoga wa Juu ya Mchanga

Watu wengi, waambiwapo kwamba maji ya mto yaweza kutakasika kwa kupenyezwa katika tabaka la mchanga, hudhani kuwa mchanga huyazuia matope na taka kama kifumbu kizuiavyo machicha, na kazi ikaishia hapo. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli, kwa sababu nafasi zilizo baina ya chembe na chembe ni pana mno kwa vijidudu vya maradhi, navyo vingalipita pasi na taabu lau si ukoga unaojijenga juu ya mchanga baada ya wiki kadhaa: utando laini wa bakteria, mwani na viumbe vingine vidogo, ambao huvinasa vijidudu vishukavyo na kuvila. Ndiyo maana chujio jipya, lenye mchanga uliooshwa ukang'ara, ndilo la kutiliwa shaka. Na ndiyo maana maji hayana budi kushuka taratibu, baina ya sentimita 10 na 30 kwa saa, ili viumbe hao wapate wasaa.

Walioanza hawakuyajua haya. John Gibb wa Paisley, huko Scotland, alichuja maji mwaka 1804 kwa ajili ya kiwanda chake cha kung'arishia nguo, akauza yaliyosalia; na James Simpson alipojenga chujio la Chelsea, London, mwaka 1829, vijidudu vya maradhi vilikuwa havijatambuliwa bado na mtu yeyote.

Hoja ya kama mchanga huzuia maradhi ilikatwa Hamburg, Ujerumani. Mji huo na jirani yake Altona ilikuwa imeshikana hata mpaka ukapita baina ya nyumba na nyumba, na yote miwili ikinywa maji ya mto Elbe. Lakini Hamburg iliyateka juu ya mji na kuyagawa bila ya kuyachuja, ilhali Altona, iliyoyateka chini, baada ya mto kwisha kupokea uchafu wa Hamburg nzima, iliyapitisha kwanza katika mchanga. Kipindupindu kilipoingia Agosti 1892, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000, na Altona ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tabibu Robert Koch alionyesha hata kundi la nyumba zilizokuwa ndani ya Hamburg yenyewe, ila mabomba yake yakitoka Altona, nazo ugonjwa haukuziingia. Max von Pettenkofer wa Munich, aliyeshikilia kwamba udongo una sehemu yake katika maradhi hayo, hakusadiki. Akavinywa vijidudu vya kipindupindu mwenyewe, akaharisha kidogo, akapona: bahati hiyo, wala si hoja.

Hata hivyo, majira ya baridi yaliyofuata, Altona nayo ilipatwa, kwa kuwa barafu iliganda katika machujio wakati yakisafishwa, na uchujaji ukaharibika. Tangu hapo Koch akataka maji ya kila chujio yapimwe kila siku, na vijidudu vikizidi 100 katika sentimita moja ya ujazo, maji hayo yasiruhusiwe kuingia mabombani.