Vifaa vya Bafu ya Ndani Visifungwe Nje



Tangu stima ianze kuingia bomani huku Kegonga, watu wameonja taa na sasa wanataka maji moto. Hatuwalaumu, baridi ya asubuhi tunaijua. Taabu ni kwamba bafu zetu nyingi ziko nje, nyuma ya nyumba, kuta ni mabati na pengine hata paa hakuna. Vifaa vinavyouzwa dukani navyo vimetengenezewa bafu ya ndani.

Tuanze na shawa ya stima, maana hiyo ndiyo inayoua. Inakula wati 5,000 au zaidi. Kwa stima yetu ya volti 240, hizo ni zaidi ya ampia 20, na soketi ya kawaida mwisho wake ni ampia 13. Basi ule waya mwembamba unaotolewa kwenye soketi ya sebuleni na kupitishwa dirishani unapata moto, plastiki yake inayeyuka, nyaya zinabaki uchi. Zikigusa bati, ukuta mzima una stima. Na anayeoga amelowa, hana viatu, amesimama majini.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa akilalamika kwamba mlango wa bafu yake “unauma” akiushika na mkono wenye sabuni. Tulimcheka. Fundi alipofungua swichi iliyokuwa imepigiliwa juu ya bati, alikuta maji ya mvua ndani na sisimizi wamejaa. Ilikuwa swichi ya chumba cha kulala! Tangu siku hiyo hatucheki. Bati likikuwasha mkono hata kidogo, zima meni swichi kwanza, maswali baadaye.

Kabla ya kulipa dukani, pindua kifaa utafute herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP20 haina kinga ya maji hata kidogo. IP44 inavumilia maji ya kurushwa kutoka kila upande, na IP65 hata maji ya kupigwa kwa nguvu na mpira. Lakini fundi akitoboa kifuniko na kupitisha waya bila kuziba tundu, maandishi hayo hayana kazi tena.

Jua nalo lina kazi yake. Paipu nyeupe za plastiki zikikaa juani miaka kadhaa hukauka na kupasuka. Zifukieni, au tumieni zile nyeusi, ambazo zimechanganywa na kaboni ya kuzuia jua.

Anayetaka shawa lazima aweke paa kwanza. Kisha waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi la stima, swichi yake iwe ndani ya nyumba, waya wa ardhini, na kifaa kinachojikata stima ikivuja miliampia 30. Fundi awe na leseni ya EPRA, na mwambieni awaonyeshe. Bei yake ni kubwa kuliko ya kijana wa mtaa, kwa hiyo nyumba nne au tano zimwite siku moja, mgawane nauli.

Ambaye hana uwezo huo bado, achemshe maji jikoni abebe na ndoo. Mwanga wa bafuni, taa ndogo ya sola ya volti 12 inatosha.