Vipimo Vilivyofika Baada ya Nyufa

Jiji la Maceió, kaskazini-mashariki mwa Brazil, lilichimbwa chumvi kwa zaidi ya miaka 40 bila mchimbaji hata mmoja kushuka ardhini. Kazi yote ilifanywa na maji. Kisima kinachorongwa hadi kwenye tabaka la chumvi, takriban kilomita moja kwenda chini. Maji yanasukumwa humo, chumvi inayeyuka, na maji ya chumvi yanapandishwa kwenda kiwandani kutengenezwa soda kostiki na klorini. Chini linabaki pango lililojaa maji. Maceió ilikuwa na visima 35 vya namna hiyo, vingine katikati ya makazi, vingine kandokando ya ziwa la Mundaú.

Maji hayafuati mchoro wa mhandisi. Mapango hutanuka hadi yakakutana, dari humeguka kipande baada ya kipande, na pengo hilo hupanda taratibu kuelekea juu. Sonari ikiteremshwa kisimani huonyesha umbo la pango lilivyo, mradi awepo wa kuiteremsha.

Mapema mwaka 2018 mvua kubwa ilinyesha, na nyufa zikajitokeza kwenye nyumba na barabara za mtaa wa Pinheiro. Machi 3 likapita tetemeko dogo. Mvua ikawa miongoni mwa watuhumiwa wa kwanza. Mvua haina wakili. Mei 2019 Idara ya Jiolojia ya Brazil ikatamka kwamba chanzo ni uchimbaji wa chumvi, na kampuni ya Braskem, iliyokuwa ikichimba, ikasimamisha kazi. Watu wapatao 60,000 walihamishwa.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa picha za rada za setilaiti zilizopigwa tangu 2004. Rada hupiga eneo lilelile mara kwa mara na kulinganisha mawimbi yanayorudi, hata mshuko wa milimita chache kwa mwaka hujulikana. Picha zilionyesha ardhi ikishuka mwaka hadi mwaka, na karibu na ziwa jumla ilifika kama mita 2. Setilaiti ilikwisha kuyaona yote hayo zamani. Ilikuwa haijaulizwa.

Mwishoni mwa Novemba 2023 vipimo vilikuwa vimejaa kila kona, na safari hii vilisikilizwa. Ardhi juu ya pango namba 18 ilianza kudidimia kwa kasi, na idara ya ulinzi wa raia ikawa inatoa taarifa za sentimita kwa saa, kama matokeo ya mpira. Baada ya siku chache kasi ikapungua sana, na waliotaka kupumua wakapumua. Desemba 10 pango likaporomoka chini ya ziwa. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa watu walikwisha kuondolewa. Hiyo ndiyo kazi ambayo vipimo viliifanya vizuri: kusema watu wakae mbali. Kulizuia pango lisianguke ilikuwa kazi ya miaka iliyopita, wakati visima vilipopangwa na umbali kati yake ulipoamuliwa.

Kisingizio cha gharama ya kupima nacho kimechakaa. Tangu 2014 setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-1 inapiga picha za rada zinazotolewa bure kwa yeyote anayezitaka. Anayeomba leo leseni ya kuyeyusha chumvi chini ya mji anaweza kudaiwa kwanza ramani ya jinsi ardhi ile ilivyotulia, au isivyotulia, kabla tone la kwanza halijaingia kisimani.