Kalsiamu na Saratani ya Utumbo Mpana
Kati ya madini tunayopata kwenye chakula, kalsiamu ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi wa kuukinga utumbo mpana dhidi ya saratani. Mwaka 2025 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 542,000 wa Uingereza kwa takriban miaka 16: kila nyongeza ya miligramu 300 kwa siku, sawa na glasi kubwa ya maziwa, iliambatana na hatari iliyopungua kwa asilimia 17. Inaelezwa kwamba kalsiamu hunasa asidi za nyongo na mafuta ndani ya utumbo, visipate nafasi ya kuuchubua ukuta wake.

Lakini je, pengine wanywaji wa maziwa ndio hao hao wasiovuta sigara, na hicho ndicho kinachowakinga? Watafiti walilizingatia hilo katika hesabu zao, ingawa hesabu haziondoi shaka yote. Pingamizi zito ni jaribio la Marekani la 2006: wanawake 36,282 waligawanywa, nusu wakameza vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa miaka 7, na saratani haikupungua. Mimi silioni kuwa limefunga mjadala. Saratani hii huweza kuchukua zaidi ya miaka 10 kukomaa, na wengi wa wanawake hao tayari walikuwa wakila kalsiamu ya kutosha. Hata hivyo, ningechagua mtindi, au dagaa wanaotafunwa pamoja na mifupa yao, kabla ya kidonge: katika jaribio hilohilo, waliomeza vidonge walipata mawe ya figo zaidi kuliko wenzao.